Kipupwe cha Nyanda za Juu: Mazoea Madogo Yanayolinda Afya

Kipupwe ni majira ya baridi yanayoanza Juni na kuisha Agosti katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Miezi hiyo jua la utosi huwa kaskazini ya ikweta, na upepo wa kusi huleta hewa baridi kutoka pande za kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwambaoni tofauti ni ndogo: mtu wa Tanga au Mombasa huvuta shuka alfajiri, basi. Nyanda za juu mambo ni mengine, kwa sababu joto la hewa hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda mlima. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, unafika mita 2,600 na zaidi, na huko sakitu huanguka usiku wa Juni na Julai mpaka kukikucha majani yanaonekana meupe.

Baridi hiyo ina sura mbili. Njombe, Makete na Mbeya mvua huwa imekoma tangu Aprili au Mei. Anga ni safi, mchana jua linawaka, na usiku joto la ardhi linapotea angani bila wingu la kulizuia. Katika nyanda za kati za Kenya, kama Limuru na Kinangop, mawingu mazito ya chini huziba jua siku nyingi na manyunyu hayaishi. Mtu wa Njombe anaweza kupanga siku yake kwa kulifuata jua. Wa Limuru mara nyingi hana jua la kufuata, na kwake nguo kavu zina thamani kuliko nguo nene.

Kokote kati ya hizo mbili, baridi yenyewe si adui mkubwa wa mtu mzima mwenye afya na blanketi. Yanayomdhuru zaidi ni yale anayoyafanya ili kuikimbia: anaingiza moto chumbani, anaziba madirisha, anaacha kunywa maji, anaongeza sukari kwenye chai, anakaa kutwa nzima amejikunyata. Kila moja linaweza kurekebishwa kwa badiliko dogo lisilo na gharama kubwa, na hapo ndipo juhudi za kaya zinapaswa kuelekezwa.

La kwanza ni moto, kwa kuwa huua kwa usiku mmoja. Katika nyumba nyingi jiko la mkaa huwashwa nje, husubiriwa moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo huingizwa chumba cha kulala. Imani iliyoenea ni kwamba jiko lisilotoa moshi halina madhara. Ukweli uko kinyume. Makaa yanapowaka chini ya tabaka la majivu, hewa safi haiyafikii vya kutosha, na gesi inayotoka ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa huingia kwenye damu na kushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka huku mwili ukikosa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu huishiwa nguvu. Aliyelala hasikii chochote. Mkaa wa miwati, unaotumika sana Njombe, una sumu hii sawa na mkaa mwingine wowote.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa kinga, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kwa macho ni hewa kiasi gani inaingia. Kanuni inayofaa ni moja: hakuna kulala na jiko chumbani, hata likiwa limebaki na kaa tatu. Kaya inayotaka joto huota moto jikoni au nje hadi saa ya kulala, kisha jiko lile lile hutumika kupasha moto maji ya kupeleka kitandani. Maji ya moto, yasiyochemka, hutiwa kwenye chupa imara, kifuniko hukazwa, chupa huviringishwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa miguuni chini ya blanketi. Huhifadhi joto kwa saa kadhaa, muda wa kutosha mtu kupata usingizi. Mtoto mdogo chupa hiyo huondolewa kabla hajalazwa, isije ikamuunguza. Akikutwa mtu amezirai kwenye chumba chenye jiko, huondolewa mara moja hadi penye hewa, kisha hupelekwa hospitali yenye oksijeni, hata kama amezinduka na anasema hajambo.

Desturi moja inahitaji kutajwa waziwazi. Mama aliyejifungua huwekewa jiko la mkaa chumbani ili yeye na kichanga wapate joto. Nia ni njema na inatoka kwa watu wanaompenda, lakini ndiyo inayowaweka wawili hao kwenye hatari kubwa kuliko mtu yeyote nyumbani. Kichanga hupoteza joto haraka kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na kinachomfaa zaidi ni kifua cha mama: ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, khanga na blanketi juu ya wote wawili. Kuogeshwa kunaweza kusubiri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Baada ya moto huja hewa. Mafua na homa ya mapafu haviletwi na ubaridi peke yake. Vinaletwa na virusi na bakteria, na vijidudu hivyo husambaa vizuri zaidi pale watu wengi wanapopumua hewa moja ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo maana mabweni ya shule, mabaa na mabasi madogo huwa chanzo cha vikohozi vya Julai. Kwenye daladala ya alfajiri abiria wote huvuta vioo, na mmoja anayekohoa nyuma huwagawia wengine. Kioo kimoja kikiachwa wazi kiasi cha vidole viwili, ubaridi huvumilika na hewa hubadilika.

Nyumbani si lazima dirisha liwe wazi alfajiri. Lifunguliwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali, na mlango wa upande wa pili ufunguliwe pia ili upepo upite. Muda huo huo mablanketi na magodoro hutolewa nje na kuanikwa, kwa kuwa unyevu wa jasho na pumzi za usiku hubaki ndani yake na kuyafanya yawe baridi usiku unaofuata. Mwanga wa jua pia unaua vimelea vya kifua kikuu. Hilo lina uzito wa pekee Njombe, mkoa ambao vipimo vya kitaifa vimeuonyesha kuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine ya Tanzania, na kifua kikuu huwashambulia kwa urahisi zaidi wenye kinga dhaifu.

Kunawa mikono hupungua sana kipupwe, hasa kwa watoto, kwa sababu maji ya bomba huwa kama barafu. Sabuni ndiyo inayofanya kazi kubwa, na maji baridi yanaondoa vijidudu sawasawa na ya moto. Lakini mtoto anayeogopa maji hatanawa hata akielezwa hivyo. Kibuyu chirizi kikihamishwa kutoka kivulini karibu na choo hadi upande unaopigwa na jua, au ndoo ya kunawia ikiongezwa kikombe cha maji ya moto kabla ya chakula, watoto hunawa bila kusukumwa.

Maji ya kunywa nayo husahaulika. Kwenye baridi kiu hupungua, huku mwili ukiendelea kupoteza maji kwa pumzi na kwa mkojo, kwani mishipa ya ngozi ikisinyaa damu hujaa zaidi katikati ya mwili na figo hutoa maji mengi. Hewa kavu ya nyanda za juu kusini huzidisha hali hiyo. Midomo hupasuka, choo kinakuwa kigumu, kichwa kinauma ifikapo jioni, na watu husingizia baridi. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea ni dalili rahisi ya kujua. Badiliko linaloshika ni kunywa kikombe cha maji ya uvuguvugu kabla ya kila chai. Chupa ya chai iko mezani asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ya pili ya maji ya moto ikiwekwa kando yake, hakuna anayehitaji kukumbushwa.

Chai yenyewe ni kinywaji chema, ikiwa na tangawizi au bila. Tatizo lake ni sukari. Kijiko cha chai kilicholingana hubeba gramu 4 hivi, na vijiko vingi vya nyumbani huchotwa vikiwa na kichuguu juu. Mtu anayetia vijiko vinne kwenye kikombe, akanywa vikombe vinne kwa siku, amekula gramu 64 kabla ya kuhesabu soda, andazi au uji. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kukata sukari yote kwa siku moja huwashinda wengi. Kupunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili hakusikiki sana ulimini, na kufikia mwisho wa kipupwe mtu aliyeanza na vinne anakuwa amebaki na kimoja. Inafaa pia chai inywewe saa moja baada ya chakula badala ya pamoja nacho, kwa kuwa tanini zake huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Wajawazito na wenye upungufu wa damu wana sababu zaidi ya kulizingatia hilo.

Upande wa chakula, nyanda za juu zimebarikiwa, na mabadiliko yanayohitajika ni ya mpangilio zaidi kuliko ya ununuzi. Sakitu huunguza majani ya maboga na maharage, lakini kabichi, chainizi, figili na karoti hustahimili. Kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi Njombe na Iringa, mboga hizi hupatikana miezi yote ya baridi. Mboga hizo zinahitaji kuwa nusu ya sahani, wakati ambapo kawaida huwa kijiko kimoja pembeni ya mlima wa ugali au viazi. WHO inataja gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kiasi hicho ni kama mafungu matano ya kiganja, na kinawezekana kwa kuongeza mboga mchana na jioni na kula tunda moja asubuhi. Machungwa ya Muheza hufika masokoni kwa wingi majira haya haya, na vitamini C yake husaidia kunyonya chuma cha maharage yaliyoliwa pamoja nayo.

Makande ya mahindi na maharage ni chakula cha kipupwe kilichokamilika kuliko watu wanavyokipa sifa: yana wanga, protini na nyuzinyuzi, na hushibisha kwa muda mrefu. Yakiongezwa karoti, mboga ya majani dakika za mwisho na kipande cha parachichi juu, hayahitaji mafuta mengi ya kukaangia. Supu ya maharage, au ya dagaa wa Ziwa Nyasa wanaotoka Ludewa, hupasha mwili na kuongeza maji kwa wakati mmoja. Uji wa ulezi asubuhi unafaa kuliko chai na maandazi matatu. Chumvi ibaki ndani ya kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila mtu, ikijumlishwa ile ya kwenye mboga, viungo vya paketi na chipsi.

Wenye presha wana sababu ya pekee ya kuchunga chumvi majira haya. Baridi husinyaza mishipa ya ngozi na ya miguu, na msukumo wa damu hupanda. Kipimo kilichokuwa kizuri Machi kinaweza kuwa kibaya Julai bila mgonjwa kubadili chochote. Kupima presha mara moja kwa wiki kwenye zahanati au duka la dawa, na kutoacha dawa hata siku ambazo mtu anajisikia vizuri, ni mambo madogo yanayozuia kiharusi.

Pombe haimpi mtu joto, ingawa anajisikia hivyo. Komoni, bia au pombe kali hupanua mishipa ya ngozi, damu ya moto hufika juu, uso unapata joto, na joto hilo hilo linapotelea hewani. Mwili wa ndani unapoa huku akili ikiamini umepashwa. Anayetoka kilabuni saa tano usiku na kulala njiani Makete anaweza kufa kwa baridi. Anayekunywa apunguze, ale kabla ya kunywa, na arudi nyumbani na mwenzake.

Joto la kweli mwili hulitengeneza wenyewe kwa misuli. Takriban robo tatu ya nishati inayotumiwa na misuli hugeuka joto, na ndiyo sababu mtu anayepasua kuni huvua sweta baada ya dakika kumi. Mkulima anayevuna mahindi Juni na kumwagilia kinyungu Julai hana haja ya kuambiwa afanye mazoezi. Wanaohitaji ni wenye maduka, makarani, walimu, mafundi cherehani na madereva, ambao hukaa kutwa na kupanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi. Kiwango cha WHO kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya kumfanya mtu aheme kidogo. Dakika 150 ni kama 22 kwa siku. Mwendo wa haraka wa dakika kumi na moja kwenda kula mchana na kumi na moja kurudi unatosha, na mchana jua lipo. Wazee na wenye presha wasianze mazoezi alfajiri ya baridi kali. Wasubiri jua litoke na waanze polepole.

Mavazi yana kanuni fupi: nguo tatu nyepesi hushinda koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo inayozuia joto lisitoke, na mchana mtu anaweza kuvua moja baada ya nyingine. Jasho likikaukia mwilini hupoza, hivyo fulana ya ndani hubadilishwa baada ya kazi. Soksi zilizolowa huvuliwa mara moja. Dereva wa bodaboda hupigwa na upepo kifuani kwa saa nyingi, na kwake koti lisilopitisha upepo na glavu ni vifaa vya kazi sawa na kofia ngumu.

Ngozi huharibiwa zaidi na maji ya moto kuliko na baridi. Kuoga kwa muda mrefu kwa maji ya moto sana huondoa mafuta asilia, na hewa kavu humalizia. Maji ya uvuguvugu, dakika chache, sabuni kidogo, kisha mafuta ya mgando, ya nazi au ya alizeti yakipakwa ngozi ikiwa bado ina unyevu: hayo yanatosha kuzuia visigino na mikono kupasuka.

Ushauri mwingi wa majira ya baridi unaosambaa kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, mara nyingine ukitumwa na ndugu wanaoishi huko, na si wote unaofaa huku. Stockholm, mwezi Disemba, mchana hudumu takriban saa 6 tu, na watu wa huko wana sababu ya kutumia vidonge vya vitamini D na taa maalumu. Njombe, siku fupi kuliko zote ya Juni bado ina zaidi ya saa 11 za mwanga. Anayekaa nje mchana, mikono na uso vikiwa wazi, kwa kawaida hana haja ya kununua vidonge hivyo.

Mabadiliko haya hayafai kuanzwa yote kwa pamoja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu waliokuwa wakijijengea zoea moja, kama kunywa maji au kutembea, baada ya jambo wanalolifanya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tendo hilo lifanyike bila kufikiriwa. Kwa wengine zilikuwa 18, kwa wengine zaidi ya 200, na kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kipupwe kina siku 92, muda unaotosha zoea moja au mawili kukomaa. La busara ni kuchagua moja, kulifunga kwenye jambo ambalo tayari lipo, kama maji kabla ya chai au dirisha baada ya kufagia, na kuliongezea la pili baada ya wiki kadhaa. Suala la jiko chumbani pekee halina hatua za polepole, linaachwa leo.

Yapo mambo ambayo mazoea mema hayatibu, na kuyachelewesha kwa tangawizi na kujifukiza ni hatari. Mafua ya kawaida hupona yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili, na antibayotiki hazisaidii kitu kwa kuwa haziui virusi. Asali inaweza kutuliza koo, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinahitaji kipimo cha makohozi, kinachotolewa bure Tanzania kwenye vituo vya serikali. Maumivu ya kifua au kupooza upande mmoja ni dharura. Kwa mtoto, mzazi ahesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kulegea ni hatari zaidi. Mtoto huyo afunikwe vizuri na apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, bila kusubiri jua litoke.